Mwasho wa Mama Furaha

Tulimzika Dada Solange mwezi uliopita, na niliposimama kwenye ukumbi wa kanisa kule Fittja nikiwa na sahani ya wali mkononi, kitu cha kwanza kilichonijia moyoni hakikuwa huzuni. Ilikuwa nafuu. Naandika hivyo kwa sababu nimeshapita miaka hamsini na nimechoka kujipamba. Watu walikuwa wanasimulia wema wake, jinsi alivyoongoza kwaya miaka yote ile, jinsi alivyopokea wageni wapya, na mimi nikawaza: sasa hakuna mwingine anayejua. Kisha Furaha, binti wa mwanamke aliyenipangisha chumba nilipokuwa kijana, akaja kutoka upande wa pili wa ukumbi, akanikumbatia mbele ya watu, akawaambia vijana waliokuwa karibu, “Huyu ndiye aliyemuuguza mama yangu mpaka mwisho.” Vijana wakanitazama kwa heshima. Amekuwa akisema maneno hayo tangu alipohamia Södertälje na kuanza kazi kwenye kiwanda cha malori, na kila mara nimekuwa nikiinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Siku ile niliweka sahani chini, nikaenda kutafuta koti langu.

Nilikotoka na njia niliyopita kufika Uswidi si habari ya sura hii. Yatosha kusema kwamba mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nafanya usafi katika jengo la ofisi, na nimepanga chumba kidogo katika nyumba ya Mama Furaha, ghorofa ya sita, Hallonbergen. Chumba changu kilitazama maegesho ya magari. Chake kilipakana na jiko, na ukuta kati yake na jiko ulikuwa mwembamba kiasi kwamba hata akiwa amelala aliweza kusikia kama maharage yanataka kuungua, akaniita nipunguze moto. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Binti yake wa pekee, huyo Furaha, alikuwa bado Uvira, kule Kongo, na kila Jumapili jioni tulimpigia simu tukapokezana kuipayukia, maana laini ilikuwa mbovu. Wakongo wote wa upande wetu wa mji walimjua Mama Furaha kwa mapishi yake. Ubatizo, harusi, kilio, aliitwa yeye. Alikuwa na sufuria moja pana kama beseni la kufulia, na humo alipika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa mafuta ya mawese na ndagala, wale dagaa wa ziwani, akikoroga kwa mikono miwili huku amesimama juu ya kigoda kidogo, kwa kuwa alikuwa mfupi.

Mimi sikujua kupika. Nilichokuwa nacho ni Kiswidi. Nilikuwa nimekidaka upesi kuliko wenzangu, na katika mwaka wangu wa pili tayari watu walinijia na bahasha zao za kutoka ofisi ya kodi na ofisi ya uhamiaji, nikazisoma kwa sauti nikiwa nimekunja miguu kwenye kochi la Mama Furaha kama hakimu. “Huyu mtoto amekuwa Mswidi kabisa,” walisema. Nilipenda sana kuambiwa hivyo. Nilipokutana na neno nisilolijua, nililiruka na kuendelea kwa sauti ileile, na hakuna aliyegundua. Sikuona kama ni uongo. Niliona ni wepesi wa akili.

Mama Furaha alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi kabla sijahamia kwake. Tulidhani yamekwisha. Lakini Februari ile mgongo ulianza kumuuma, kisha nyonga, na picha zikaonyesha kwamba ugonjwa umeingia kwenye mifupa. Daktari akamwandikia vidonge vya mofini, asubuhi na jioni. Siku ya pili yake nilirudi kutoka kazini nikamkuta amesimama jikoni, anasonga bugali, anaimba. Alikuwa hajasimama kwa muda wa namna ile tangu maumivu yaanze. “Mapendo,” akaniambia, “hawa watu wana dawa! Nimesahau kama nina mgongo.” Tulikula samaki siku hiyo, akanichagulia kichwa.

Mwasho ulianza siku iliyofuata. Kwanza pua. Alikuwa akiisugua kwa kiganja, juu chini, kama mtu mwenye mafua. Kisha shingo, kifua, mikono. Alijikuna akiongea, alijikuna akisali, alichukua mpini wa mwiko akaupenyeza mgongoni chini ya blauzi. Ngozi yake haikuwa na kitu, ila alama za kucha zake mwenyewe. Lakini mimi sikutazama ngozi yake vizuri. Mimi nilitazama namna anavyojikuna, na kichwa changu kikarudi moja kwa moja kwenye kambi ya wakimbizi, katika hema tulilolala watu kumi na mmoja na upele ukatutembelea wote, tukapakwa dawa nyeupe tumepangwa mstari kama mbuzi. Nilikuwa nimejiapiza kwamba harufu ya dawa ile sitaisikia tena. Sikumuuliza neno. Nilichukua nafasi kwenye chumba cha kufulia cha jengo, nikafua mashuka yote kwa maji ya moto mara mbili. Nilianza kulia chakula chumbani kwangu. Taulo yake niliiondoa bafuni.

“Mapendo, taulo yangu iko wapi?” aliniuliza.

“Nimekuwekea chumbani, Mama. Ili usihangaike.”

Alinitazama kidogo, akasema asante. Yeye ndiye mwenye nyumba, na alikuwa akitembea na taulo yake kutoka chumbani kwenda bafuni kama mgeni.

Hapo ningeishia, labda ningejisamehe. Lakini nilimpigia Dada Solange. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka minane hivi, na nilimwambia kila kitu changu. “Nadhani Mama ana upele,” nikasema. “Usimwambie mtu.” Hakumwambia mtu, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja akamwambia mmoja. Jumapili mbili baadaye kulikuwa na ubatizo. Mama Furaha alipika tangu alfajiri akiwa na nguvu zake mpya, tukaifunga sufuria kwa kitenge, tukaibeba sote wawili hadi treni ya chini ya ardhi, tukabadilisha katikati ya mji, tukafika Fittja mikono inatetemeka. Baada ya ibada watu walipanga mstari wa chakula. Nilisimama pembeni, nikaona. Walipakua wali, walipakua kuku, walipofika kwenye sombe walitabasamu, wakasogea. Watoto wawili walitaka, mama yao akawavuta mikono. Nilikwenda sehemu ya kutundika makoti nikasikia wanawake wawili upande wa pili wa makoti.

“Umemwona anavyojikuna?”

“Na mikono ni ileile inayochambua ndagala.”

“Huyo binti anayekaa naye ndiye aliyesema.”

Sikutoka kuwajibu. Nilisubiri waondoke. Wakati wa kurudi Mama Furaha alikalisha sufuria mapajani, imejaa kama ilivyokuja, na mafuta ya mawese yalikuwa yameanza kuganda ukingoni. Vituo vingi vilipita. “Leo watu hawakuwa na njaa,” alisema mwishowe. Nikasema, “Ndiyo, Mama.” Akaikuna pua yake, kisha akautazama mkono wake, akauficha chini ya kitenge.

Tulikuwa na miadi kwenye kituo cha afya Alhamisi iliyofuata. Nataka nieleze vizuri yaliyotokea pale, maana nimeyasimulia kichwani mwangu kwa miaka mingi na kila mara najaribu kujipunguzia lawama. Mtu wa mapokezi alituuliza kama tunahitaji mkalimani kwa simu. Nikasema hapana, nipo mimi. Daktari alikuwa kijana, mgeni pale, mwenye haraka. Akauliza dawa inamsaidiaje. Nikamgeuzia Mama swali, naye akajibu, nakumbuka kila neno: “Mwambie inaniwasha mwili mzima, hata aibu naona. Lakini maumivu yameisha kabisa. Mwambie nitavumilia mwasho, asiniondolee dawa.”

Nilitafsiri sehemu ya kwanza. Nikasema dawa inamwasha mwili mzima, halafu nikaongeza neno langu mwenyewe: “Hon är allergisk.” Ana mzio. Nilikuwa nimelifikiria neno hilo njiani. Kama ni mzio si upele, nitaweza kuwaambia watu, na kama dawa ikibadilishwa hatajikuna tena, na mimi nitatoka kwenye lile shimo nililochimba. Sehemu ya pili ya maneno ya Mama sikuitafsiri. Nilisema moyoni nitaisema baadaye kidogo.

Daktari aliacha kuandika. Akaniangalia kwa makini, akauliza maneno manne, moja moja. Klåda? Mwasho, nikaitikia kwa kichwa. Utslag? Vipele, nikawaza zile alama za kucha, nikaitikia. Svullnad? Neno hilo sikulijua. Niliitikia. Andnöd? Nöd nilikuwa nimeiona kila siku kazini, imeandikwa juu ya mlango wa dharura, kwa hiyo nilidhani ananiuliza kama jambo hili ni la haraka. Niliitikia kwa nguvu zaidi. Mama Furaha alikuwa ananitazama mimi, si daktari. Svullnad ni kuvimba. Andnöd ni kushindwa kupumua. Nilikuwa nimemwambia yule kijana kwamba mgonjwa wake alivimba na pumzi ikambana kwa sababu ya mofini, naye akafanya ambacho daktari yeyote angefanya. Aliiandika kwenye faili kama hatari, akaifuta mofini na jamii yake yote, akatuandikia vidonge vya kawaida vya maumivu, na akaomba nafasi kwa wataalamu wa hospitali. Tutaitwa, alisema.

Nje, tukisubiri basi, Mama aliniuliza, “Umemwambia asiniondolee?”

“Nimemwambia. Amesema hii mpya ni nzuri zaidi.”

Mwasho uliisha ndani ya siku mbili. Naona haya kuliandika hili kuliko yote: nilifurahi. Nilirudisha taulo bafuni. Nilimpigia Dada Solange nikamweleza kwamba haikuwa upele, ni mzio wa dawa tu, awaambie wengine, naye akawaambia. Jumamosi wanawake watatu wa kwaya walikuja na keki, wakakaa kwenye kochi, wakacheka kwa sauti kubwa. Mama Furaha hakuweza kukaa. Aliwapokea akiwa ameegemea mlango, jasho linamtoka kwenye mdomo wa juu, na baada ya dakika chache akaomba radhi akaenda kulala. Walipoondoka niliosha vikombe. Nikamsikia kupitia ule ukuta mwembamba. Hakuwa analia. Alikuwa anahesabu pumzi zake, kwa Kifaransa, kama mtoto wa shule.

Kuanzia hapo sikumwona tena juu ya kigoda chake. Kwenda chooni kulichukua muda wa kuchemsha chai. Nilimgeuza upande wa kulala kila nilipotoka kazini, na kila nilipomgusa nyonga alifunga macho akasema, “Taratibu, mwanangu, taratibu.” Nilipiga simu mara mbili kuulizia nafasi, nikaambiwa tuko kwenye orodha. Ningeweza kusema, kwenye simu ileile, kwamba nilikosea. Nilikuwa nimeshalitafuta neno andnöd kwenye kamusi. Nililitafuta siku ya nane baada ya miadi, mchana, nimekaa kwenye ngazi za jengo la kazini, na nilipoona maana yake nilifunga kitabu nikaendelea kupiga deki. Kusema kwamba nilikosea ilikuwa kusema kwamba Kiswidi changu kina mashimo. Nilikuwa tayari mtu mwingine aumie ili hilo lisijulikane. Sina namna nyingine ya kulisema.

Hatimaye alikuja muuguzi kutoka timu ya hospitali, mwanamke wa makamo aitwaye Annika, mwenye soksi za sufu za rangi mbili tofauti. Alipoingia chumbani na kumwona Mama, uso wake ulibadilika. Nilianza kueleza, akaniinulia mkono kwa upole. “Asante, lakini leo wewe kaa tu,” alisema. Akaweka simu kitandani, na ikatoka sauti ya mwanamume, Kiswahili cha Tanzania, laini kabisa.

“Shikamoo, Mama. Mimi ni mkalimani. Yote utakayosema nitayasema, na yote atakayosema nitakuambia.”

“Marahaba,” Mama akasema, na machozi yakamtoka hapohapo.

Annika akauliza: ulipotumia mofini, midomo au ulimi ulivimba? Hapana. Pumzi ilikubana? Hapana. Vipele? Hapana, ni kuwashwa tu, ikianza puani. Annika akafungua faili, akasoma, akafunga. “Imeandikwa hapa kwamba ulishindwa kupumua. Nani alisema hivyo?”

Chumba kilikuwa kidogo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kuwekea nguo, juu ya nguo. Mama Furaha hakugeuza hata shingo. Alisema, “Labda mimi nilijieleza vibaya. Mnisamehe.” Na ile sauti laini ikatafsiri kwa Kiswidi safi, neno kwa neno, mpaka ile samahani.

Kisha Annika akaeleza, naye mkalimani akamfuata polepole. Alisema mwasho ule ni wa kawaida kwa dawa za jamii hiyo, na kwa watu wengi si mzio. Kwenye ngozi mna chembe zinazohifadhi kitu kiitwacho histamini, ndicho kinachofanya pawashe mbu akikuuma, na mofini inaweza kuzifanya zikimwage bila kuwa na adui yeyote wa kupigana naye. Tena si ngozi tu. Dawa inapofunga njia ya maumivu kwenye uti wa mgongo, inaweza kuifungua njia ya mwasho, kwa hiyo mtu anawashwa mahali ambapo hapana kitu, zaidi usoni na puani. Mara nyingi hupungua baada ya siku kadhaa, na usipopungua dozi hubadilishwa, au mtu hupewa dawa nyingine, ndugu wa mofini, ambayo haimsumbui sana. Mzio wa kweli upo, alisema, lakini ni nadra, na huo ndio unaoleta kuvimba na kukosa pumzi.

“Kwa hiyo si ugonjwa wa uchafu?” Mama aliuliza.

Simu ilijibu papo hapo. “Hapana, Mama,” ikasema, na nadhani hilo mkalimani alijibu mwenyewe kabla ya kutafsiri.

Alianzishiwa dawa nyingine ya jamii ileile siku hiyohiyo. Alijikuna kidogo puani siku nne, tano, kisha mwasho ukaisha wenyewe. Wiki iliyofuata alikaa jikoni, si juu ya kigoda lakini kwenye kiti, akaniamrisha jinsi ya kukaanga kitunguu. Nilipokuwa nimempa mgongo nikamwambia. Nilimwambia yote: taulo, Dada Solange, sombe, yale maneno ya daktari. Sikuweza kusema nikimtazama.

“Zima moto kwanza,” alisema. “Kitunguu kinaungua.”

Nikauzima. Akasema, “Nilikuona ulivyokuwa unaitikia. Niliijua ile namna. Mimi naitikia hivyo tangu nifike nchi hii. Ofisini, dukani, kwa dereva wa basi. Naitikia nisichokijua.” Akapangusa meza ambayo ilikuwa safi. “Lakini mimi naitikia kwa mwili wangu, Mapendo. Wewe uliitikia kwa mwili wangu.”

Hakunifukuza, na hakuniambia amenisamehe. Aliniambia niwashe moto tena. Aliishi mpaka Septemba, na katika miezi ile alikuwa na siku nyingi zisizo na maumivu makali, na kanisani walikula sombe niliyopika mimi kwa maelekezo yake wakasema ni yake. Alipokufa, Furaha alipiga simu kutoka Uvira. Dada Solange alikuwa amekaa karibu yangu, akisikia. Furaha akapaza sauti, “Dada Mapendo, mama aliumia?” Nikasema, “Hapana. Hakuumia.” Solange alinishika goti. Alijua, maana nilishamwambia, na yeye pia alikuwa na sehemu yake. Hatukulizungumza tena kamwe, na nadhani ndiyo sababu tulibaki marafiki kwa njia ile ya watu wanaoogopana kidogo.

Jumamosi baada ya mazishi ya Solange nilipanda treni kwenda Södertälje. Furaha alinikaribisha jikoni, akanimiminia chai ya tangawizi. Wanawe walikuwa wakibishana sebuleni kwa Kiswidi, akawapigia kelele kwa Kiswahili wapunguze sauti, wakamjibu kwa Kiswidi kwamba sawa. Nilimwambia nimekuja kubadilisha jibu nililompa kwenye simu. Nilimweleza kuanzia mwanzo. Hakunikatiza. Chai yangu ilipoa, yake pia.

“Alikaa bila dawa muda gani?” aliuliza nilipomaliza.

“Wiki tatu na siku mbili.”

Alikuwa ameshika kijiko, akakiweka chini kwa uangalifu sana, kama kitu kinachovunjika. “Aliniita?”

Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, na sikuwa nimemwambia mtu, hata Solange.

“Alikuita,” nikasema. “Kila siku. Siku zile mbaya zaidi alikuwa hajui niliye nani. Alikuwa akisema, ‘Furaha, nigeuze.’ Mimi ndiye niliyekuwa naitika.”

Furaha aliinuka, akaenda dirishani, akanipa mgongo. Mabega yake hayakutikisika. Ni mwanamke mkubwa sasa, mwenye mvi, na kwa nyuma ni mama yake mtupu. Mwanawe mmoja alichungulia mlangoni, akamwona, akarudi.

“Nenda, Mapendo,” alisema bila kugeuka. Kila siku huniita Dada Mapendo. “Leo siwezi kukutazama. Rudi Jumamosi ijayo, uniambie alichokuwa anasema kingine.”

Nilirudi.